Mlango wa Sarufi: Uhakiki wa Vitabu vya Mazoezi ya Kiingereza kwa Mitihani ya Ajira ya Serikali ya India

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuvipita vitabu vya mazoezi bila ya kuvitupia jicho. Riwaya huhakikiwa, diwani huhakikiwa, hata magazeti hupata mhakiki wake. Lakini kitabu chenye maswali maelfu ya sarufi, na majibu yake nyuma, hakihesabiwi kuwa ni maandishi yafaayo kuchunguzwa. Dharau hii haina msingi. Ikiwa kazi ya mhakiki ni kuangalia jinsi fani inavyobeba maudhui, na jinsi maandishi yanavyoumba fikira za wayasomao, basi ni maandishi machache yanayosomwa kwa bidii na kwa hofu kama vitabu hivi. Msomaji wa riwaya huimaliza akaiweka. Mtahiniwa hukisoma kitabu chake cha mazoezi mwaka hadi mwaka, akakichakaza, kisha akamwachia mdogo wake.

Makala haya yanakusudia kuhakiki vitabu vya mazoezi ya sarufi na msamiati wa Kiingereza vinavyotumiwa na vijana wa India wanaowania kazi za serikali. Mfano utakaozingatiwa zaidi ni mtihani wa wahitimu wa vyuo vikuu unaotolewa na tume ya kuteua watumishi wa serikali kuu, ijulikanayo kwa herufi zake, SSC. Mtihani huo, uitwao CGL, ndio mlango wa kuingilia kazi za mkaguzi wa kodi ya mapato, mkaguzi wa hesabu, ofisa msaidizi katika wizara na nyingine za daraja hiyo. Waombaji wake huhesabiwa kwa mamilioni, na nafasi kwa maelfu.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusu nini jarida la lugha za Kiafrika. Jibu ni kwamba katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Tangu hapo hoja imekuwa ikisikika miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili kwamba lugha hii haitaheshimiwa mpaka iwe ni sharti la kupatia kazi. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini kabla ya kuishika ni vyema kuchunguza lugha hupatwa na nini inapogeuzwa kuwa kipimo cha ajira, na hakuna nchi iliyolijaribu jambo hili kwa muda mrefu na kwa watu wengi zaidi ya India.

Chimbuko la Mlango

Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1853 ndiyo iliyoondoa utaratibu wa kugawa kazi za juu za utawala wa India kwa kujuana, ikaweka mashindano ya mtihani mahali pake. Mwaka 1854 kamati iliyoongozwa na Macaulay ilipendekeza masomo ya kutahiniwa na alama za kila somo. Huyu ndiye Macaulay yule yule ambaye mwaka 1835 alikuwa ameandika waraka wa kutetea elimu ya Kiingereza nchini India. Katika mapendekezo ya 1854 lugha, fasihi na historia ya Kiingereza zilipewa alama 1,500. Kigiriki na Kilatini zilipewa 750 kila moja. Kisanskriti na Kiarabu, lugha zilizobeba sehemu kubwa ya elimu ya nchi iliyokuwa ikitawaliwa, zilipewa 375 kila moja. Mgawanyo huo wa alama wenyewe ni maandishi ya kusomwa: unaeleza, bila ya kutumia hata sentensi moja ya siasa, ni elimu ya nani iliyohesabiwa kuwa ni elimu.

Mtihani wa kwanza ulifanyika London mwaka 1855. Mhindi wa kwanza kufaulu, Satyendranath Tagore, kaka yake mshairi Rabindranath, alifaulu mwaka 1863. Hadi 1922 aliyetaka kutahiniwa ilimbidi asafiri mpaka Uingereza. Mwaka huo ndipo mtihani ulipoanza kufanywa na nchini India pia.

Baada ya uhuru, katiba ya 1950 ilikiteua Kihindi kuwa lugha rasmi ya serikali kuu, na Kiingereza kikapewa miaka 15 ya kuendelea kutumika. Muda huo ulipokaribia kwisha, watu wa kusini, hasa wasemaji wa Kitamil, waliona kwamba kuondoka kwa Kiingereza kungewaacha washindane na wasemaji wa Kihindi kwa lugha ya hao wasemaji wa Kihindi. Machafuko ya mwaka 1965 katika jimbo la Madras yalitokana na hofu hiyo, na hofu hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ni hofu ya kukosa kazi za serikali. Sheria ya 1963, iliyorekebishwa 1967, ikakihifadhi Kiingereza. Azimio la Bunge la 1968 likaelekeza kwamba lugha zote zilizoorodheshwa katika katiba ziruhusiwe katika mitihani ya utumishi wa juu. Jambo hilo lilitekelezwa mwaka 1979, baada ya ripoti ya kamati ya Kothari ya 1976, na tangu hapo mtahiniwa wa utumishi wa juu aliweza kuandika majibu yake kwa lugha ya kwao, ilimradi afaulu pia karatasi ya Kiingereza.

Kwa kazi za chini ya hizo iliundwa tume nyingine mwaka 1975, ambayo mwaka 1977 ilipewa jina lake la sasa, SSC. Katika mitihani yake maswali ya hesabu, ya mantiki na ya maarifa ya jumla hutolewa kwa Kihindi na kwa Kiingereza. Sehemu ya Kiingereza, kwa kawaida, haina tafsiri. Mwaka 2023 tume ilianza kutoa baadhi ya mitihani yake ya kazi za chini kwa lugha nyingine 13, lakini sehemu ya Kiingereza haikuondolewa.

Historia hii ni muhimu kwa sababu inakanusha hukumu nyepesi. Kusema kwamba Kiingereza kimo katika mtihani kwa sababu ya kasumba ya ukoloni ni kusema nusu ya kweli. Kilianzishwa na ukoloni, lakini kimehifadhiwa na wananchi walioogopana wao kwa wao. Vitabu vinavyohakikiwa hapa vimeota katika ufa huo.

Wazazi Wawili wa Vitabu Hivi

Vitabu vya mazoezi vinavyouzwa leo katika miji ya India vina nasaba inayojulikana. Mzazi wa kwanza ni kitabu cha sarufi na utungaji cha Wren na Martin, kilichotungwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya shule. P. C. Wren alikuwa ofisa wa elimu nchini India, na ndiye pia mtunzi wa riwaya ya Beau Geste ya mwaka 1924. Mzazi wa pili ni Word Power Made Easy cha Mmarekani Norman Lewis, kilichotolewa mwaka 1949 kwa watu wazima wa Marekani waliotaka kuongeza msamiati wao.

Wazazi hawa hawafanani. Cha Wren na Martin ni kitabu cha sheria: kanuni hutajwa, mifano hufuata, kisha mazoezi. Sarufi kwake ni jengo lililokwisha kujengwa, na kazi ya mwanafunzi ni kuzijua njia zake. Cha Lewis ni kitabu cha mazungumzo: huchukua shina moja la Kigiriki au la Kilatini, likatoa matawi, na mwandishi humsemesha msomaji na kumtaka atamke maneno kwa sauti. Lewis anaamini kwamba neno hujifunzwa pamoja na ukoo wake.

Vitabu vya mitihani vimerithi kutoka kwa kila mzazi kile kilichokuwa chepesi kukatwa na kuchapwa. Kutoka kwa Wren na Martin vimechukua kanuni na kuacha utungaji. Kutoka kwa Lewis vimechukua maneno na kuacha ukoo wake. Kilichobaki ni kanuni zilizopewa nambari na maneno yaliyopangwa kwa alfabeti. Na juu ya hayo, maswali ya miaka iliyopita, ambayo ndiyo moyo wa kitabu. Mtahini huuliza lililokwisha kuulizwa, mchapishaji hulichapa, mwanafunzi hulikariri, na mtahini anayefuata huliona kuwa ni sehemu ya silabasi. Neno huingia katika duara hilo kwa sababu lilikuwamo.

Fani: Swali Kama Kitendawili

Aina za maswali ni chache na hazibadiliki. Yapo ya kutafuta kosa katika sentensi iliyokatwa vipande, na kipande cha mwisho daima husema kwamba hakuna kosa. Yapo ya visawe na ya vinyume, ya nahau, ya kujaza mapengo, ya kugeuza kauli ya kutenda kuwa ya kutendwa na usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, na ya kupanga upya sentensi zilizovurugwa. Na yapo yale ya kutoa neno moja badala ya maelezo marefu.

Fani hii ina ndugu katika fasihi simulizi, naye ni kitendawili. Kitendawili nacho hutegwa kwa maneno machache, jibu lake limekwisha kuwekwa, na anayejibu hujulikana kuwa anajua au hajui. Lakini tofauti zao zinafundisha zaidi kuliko mfanano wao. Kitendawili kina watu wawili, mtegaji na mteguaji, na hadhira inayowazunguka. Aliyeshindwa hutoa mji, na baada ya kutoa mji huambiwa jibu. Hivyo kushindwa kwake ni mlango wa kujua, na kesho yeye ndiye atakayetega. Katika mtihani wa CGL mteguaji yuko peke yake mbele ya kompyuta. Hatua ya kwanza ina maswali 100 kwa dakika 60, na 25 kati ya hayo ni ya Kiingereza. Kila swali lina wastani wa sekunde 36. Jibu sahihi lina alama 2, na jibu la makosa hukatwa nusu alama.

Hesabu hiyo ya alama si jambo la nje ya lugha. Imeingia ndani ya mafunzo yenyewe. Mtahiniwa anayebahatisha kati ya majibu manne bila kujua lolote atapata, kwa wastani, sehemu moja ya nane ya alama. Akiweza kuliondoa jibu moja tu, wastani wake unapanda hadi theluthi moja ya alama. Basi vitabu na walimu wa tuisheni humfundisha kuondoa majibu: anza na jibu lisilowezekana, kisha lenye wakati usiolingana, kisha lenye kihusishi kisichokubaliana na kitenzi. Mwanafunzi huyu anajifunza kusoma sentensi kama polisi asomavyo pasi ya kusafiria. Haulizi sentensi inasema nini bali ina dosari wapi.

Na kwa hakika sentensi zenyewe hazisemi kitu. Chukua sentensi ya mfano wa aina hiyo: "Each of the boys have finished his work." Mtahiniwa hutakiwa kuona kwamba kitenzi kinapaswa kuwa cha umoja. Lakini wavulana hao ni akina nani, kazi ni ipi, na nani anayetoa habari hii kwa nani? Hakuna ajuaye, wala haitakiwi kujulikana. Kitabu kizima kimejaa wavulana wanaomaliza kazi, treni zinazoondoka kabla abiria hajafika, na mawaziri wanaofungua madaraja. Ni lugha isiyo na msemaji. Wanaisimu wa sarufi geuzi nao walitumia sentensi kama hizi katika vitabu vyao vya miaka ya 1960 na 1970, lakini wao walikuwa wakitafuta kanuni ya lugha. Hapa kanuni inajulikana tangu mwanzo. Kinachotafutwa ni mtu wa kumwacha nje.

Msamiati: Thamani ya Neno Adimu

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika maswali ya neno moja badala ya maelezo. Mtahiniwa hufundishwa kwamba mkusanyaji wa stempu ni "philatelist", mkusanyaji wa sarafu ni "numismatist", atembeaye usingizini ni "somnambulist", na muuaji wa mfalme ametenda "regicide". Mkaguzi wa kodi katika mji wa Patna au wa Kanpur atamaliza miaka 30 ya utumishi bila ya kuandika hata moja ya maneno hayo katika jalada la ofisini. Maneno anayoyahitaji kweli, yaani yale ya kumweleza mwenye duka kwa nini madai yake yamekataliwa na afanye nini ili kukata rufani, hayamo katika orodha, kwa kuwa ni maneno ya kawaida na kila mtahiniwa angeyajua.

Hapa ndipo siri ya msamiati wa mtihani ilipo. Katika maongezi neno lina thamani kwa sababu wengi wanalijua. Msemaji na msikilizaji hukutana katika neno hilo. Katika mashindano neno lina thamani kwa sababu wengi hawalijui. Mtahini anayeuliza neno linalofahamika na wote amepoteza swali, maana halikumtenga mtu.

Nahau nazo zimepatwa na mkasa uo huo. Mtahiniwa wa Bihar hujifunza kwamba kupeleka makaa ya mawe Newcastle ni kufanya kazi ya bure. Yeye mwenyewe anatoka sehemu isiyo mbali na machimbo ya Jharia, yaliyo miongoni mwa machimbo makubwa ya makaa ya mawe ya India. Angepewa nafasi ya kusema, angaliweza kuipeleka nahau hiyo Jharia na kila mtu wa kwao akacheka na kuelewa. Lakini mtihani hauna nafasi kwa nahau inayozaliwa. Unataka iliyokwisha kukaushwa.

Kosa la Nani?

Suala zito zaidi kwa mwanaisimu ni lile la kosa. Katika orodha za makosa ya kawaida huonekana matumizi kama "discuss about", "return back", "cousin brother", na wingi wa maneno kama "furniture" na "information". Vitabu huyataja haya kuwa ni makosa ya wasiojua. Lakini kwa nini makosa haya na si mengine? Kwa sababu ndiyo yanayosemwa na Wahindi wengi, wakiwamo mawakili, wahadhiri na makarani wenyewe. Mengi kati ya hayo husikika Nairobi na Kampala pia. Mwanaisimu Braj Kachru, aliyezaliwa Kashmir, alionyesha katika maandishi yake ya miaka ya 1980 kwamba Kiingereza cha India kina kanuni zake na historia yake, na kwamba kukipima kwa kipimo cha London peke yake ni kukosea kitu kinachopimwa. Neno "prepone", yaani kuleta mbele tarehe ya jambo, lilienea nchini India na limeingia katika kamusi za Oxford. Kamusi zimelikubali, mwenye kutunga maswali bado analitilia shaka.

Aidha, mahali maswali yanapoelekezwa hapakuchaguliwa bila athari. Kihindi hakina vile vineno viwili vya Kiingereza, "a" na "the", na vihusishi vyake hufuata nomino badala ya kuitangulia. Maswali ya kutafuta kosa hurudi tena na tena kwenye vineno hivyo na kwenye vihusishi, yaani pale hasa ambapo lugha ya mama haimsaidii mtahiniwa. Aliyesoma shule ya kulipiwa inayofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea hujibu kwa sikio. Aliyesoma kwa Kihindi katika shule ya serikali ya wilaya hujibu kwa kanuni namba 47. Wote wawili huweza kufaulu, lakini mmoja anakumbuka na mwingine anakokotoa, na sekunde zao ni zile zile 36.

Hoja ya Upande wa Pili

Uhakiki ungekuwa wa upande mmoja kama ungeishia hapo. Vitabu hivi vina utetezi, na utetezi wenyewe si mdogo.

Kwanza, kitabu cha mazoezi hununuliwa kwa bei ambayo mtoto wa mkulima huweza kuichanga, au hukodiwa, au huazimwa. Kanuni namba 47, hata ikiwa kavu kama mfupa, huweza kujifunzwa na mtu asiyewahi kusikia Kiingereza nyumbani kwao. Lafudhi haiwezi kujifunzwa hivyo, wala kujiamini mbele ya jopo la wasaili. Serikali ya India iliondoa usaili kwa kazi nyingi za daraja za chini kuanzia tarehe 1 Januari 2016, ikieleza kwamba usaili ulikuwa mwanya wa rushwa na upendeleo. Kompyuta haijui mtahiniwa ni wa tabaka gani wala baba yake ni nani. Kwa kijana ambaye jina lake la ukoo peke yake lingemfungia mlango, swali lisilo na msemaji lina faraja yake: halina msemaji, na kwa hiyo halina mtu wa kumdharau.

Pili, mambo yaliyotokea katika mtihani wa utumishi wa juu yanaonyesha kwamba kuondoa Kiingereza si sawa na kuondoa dhuluma ya lugha. Mwaka 2011 uliwekwa mtihani mpya wa vipaji katika hatua ya mchujo, na ndani yake mlikuwa na maswali ya ufahamu wa Kiingereza. Mwaka 2014 watahiniwa waliosoma kwa Kihindi waliandamana Delhi. Serikali ilikubali kwamba alama za maswali hayo zisihesabiwe, na mwaka 2015 karatasi yote ikafanywa kuwa ya kufaulu tu kwa asilimia 33. Lakini malalamiko ya waandamanaji hayakuhusu Kiingereza pekee. Walilalamikia pia Kihindi cha karatasi ile, kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza neno kwa neno hata kikawa hakieleweki. Mfano uliotajwa sana ni wa kiwanda cha chuma kilichogeuzwa kuwa mche wa chuma, kwa sababu neno la Kiingereza ni moja. Hiyo ilikuwa lugha ya mama isiyo na msemaji, na mwenye lugha hakuitambua.

Kwa hiyo dosari ya vitabu hivi haiko katika Kiingereza kwa vile ni Kiingereza. Dosari iko katika namna ya kuipima lugha kwa kuitenganisha na kazi yake. Jambo hili linathibitishwa na hatua moja zaidi. Mwaka 2016 SSC iliongeza katika CGL karatasi ya kuandika kwa mkono, ambamo mtahiniwa alitakiwa kutunga insha na barua, kwa Kiingereza au kwa Kihindi. Katika utaratibu mpya ulioanza na mtihani wa 2022 karatasi hiyo iliondolewa. Barua ile ilikuwa mahali pekee ambapo mtahiniwa alikuwa na mtu wa kumwandikia. Kuondolewa kwake kunaeleweka, kwani kusahihisha barua nyingi kiasi hicho ni kazi nzito na yenye migogoro. Hata hivyo ni hasara, na hasara hiyo haikutokana na kuteuliwa kwa lugha moja badala ya nyingine.

Funzo kwa Kiswahili

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda India kuiona fani hii. Mtihani wa KCPE, uliotolewa tangu 1985 hadi 2023, ulikuwa na maswali 50 ya Kiswahili ya kuchagua jibu, pamoja na insha. Kwa ajili ya maswali hayo 50 vilichapwa vitabu vingi vya marudio, na ndani yake zipo orodha ambazo kila mwalimu anazijua: thurea ya nyota, bunda la noti, kinda la ndege; sogora ni mpiga ngoma hodari, sonara ni mfua dhahabu; mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina. Maneno haya ni mazuri na ni ya haki katika lugha. Lakini namna yalivyopangwa ni ile ile ya "philatelist" na "numismatist". Mtoto wa Kakamega au wa Garissa amelijua neno kilembwe kabla ya kuweza kumwandikia chifu barua ya Kiswahili ya kuomba ukoo wao upatanishwe juu ya mpaka wa shamba.

Suala la kosa nalo lipo nyumbani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa 1930 ikausimamia uteuzi huo. Tangu hapo mtoto wa Mvita, aliyezaliwa ndani ya lugha yenye ushairi wa karne kadhaa, amesahihishwa kwa wino mwekundu kwa kusema alivyosema nyanyake. Usanifishaji una faida zake, na makala haya hayapingi kuwapo kwa Kiswahili sanifu. Yanachouliza ni iwapo umbo la lahaja linapaswa kuhesabiwa kuwa dosari pale mtu anapopimwa kama anaweza kuwahudumia wananchi. Karani wa Lamu anayewaelewa watu wa Lamu, na wakamwelewa, ana ustadi ambao swali la kutafuta kosa lingemnyima alama kwa ajili yake.

Basi ikiwa Kiswahili kitafanywa kuwa sharti la kuingia katika utumishi wa umma, na kuna sababu za haki za kulitaka hilo, umbo la kipimo ni lazima lijadiliwe kabla ya kipimo chenyewe kutungwa. Mtahiniwa apewe barua ya mwananchi anayelalamika kwamba hati ya shamba lake haijatoka, aijibu. Apewe ukurasa wa kanuni zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, aueleze kwa Kiswahili ambacho mzee katika baraza la chifu atakifahamu. Apewe maelezo ya mdomo ya mashahidi wawili yanayopingana, ayafupishe bila ya kumpendelea mmoja. Katika kazi hizi sarufi itapimwa, kwani barua isiyo na upatanisho wa ngeli humchosha msomaji na hupotosha maana. Msamiati utapimwa pia. Lakini vyote viwili vitapimwa vikiwa kazini.

Itasemwa kwamba usahihishaji wa namna hiyo ni ghali, ni wa polepole na hufungua mlango wa upendeleo. Ni kweli, na mfano wa India unaonyesha kwamba hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kijana maskini ana haki ya kuogopa kalamu ya msahihishaji asiyemjua. Dawa ya upendeleo ni kuficha majina, kuweka wasahihishaji wawili kwa kila karatasi, na kuchapisha mapema vigezo vya kusahihishia. Maswali ya kuchagua jibu yanaweza kutumika katika mchujo wa kwanza pale waombaji wanapokuwa wengi kupita kiasi, mradi yatungwe juu ya vifungu vinavyosema jambo na yasikate alama kwa umbo la lahaja. Kuyafanya kuwa ndiyo mtihani wote ni kuikabidhi lugha kwa wachapishaji wa orodha.

Wajibu huu unawaangukia wahadhiri wa Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Tume za ajira hazina wanaisimu wa kutosha, na wachapishaji watachapa kinachoulizwa. Siku sharti hilo litakapowekwa, vitabu vya mazoezi vitajaa madukani katika muda wa miezi, na umbo la maswali ya kwanza ndilo litakalotawala kwa miaka 30. Idara za vyuo vikuu zinaweza kutunga karatasi za mfano sasa, zikazijaribu kwa wanafunzi wao wenyewe, zikalinganisha alama za wasahihishaji, na kuchapisha matokeo katika kurasa kama hizi ili yakosolewe na wenzao.